Kilele cha Saa Nne

Ukitaka kujua hewa ya mji ina uchafu kiasi gani, usiwaulize wenye suti. Muulize Bi Mizani. Jina lake la kwenye cheti lilikuwa jingine, lakini jengo zima la kemia lilimwita hivyo, naye alishazoea. Kwa miaka kumi na moja alikuwa fundi wa maabara wa Profesa, na kazi yake ilikuwa moja tu: kupima vumbi. Si vumbi la kufagia, la hasha. Ni zile chembechembe zinazoelea hewani, ndogo kiasi kwamba pua haizikamati, zinapita moja kwa moja hadi ndani ya mapafu na kujikalia humo bila kumuaga mtu.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Juu ya paa, ghorofa nne kutoka chini, palikuwa na kisanduku cha chuma chenye pampu. Pampu inavuta hewa, hewa inapita kwenye kichujio cheupe cha mviringo, kipana kama kitako cha glasi, na uchafu wote unabaki pale. Kila baada ya saa mbili Bi Mizani alipanda ngazi, akakitoa kichujio kwa kibano, akaweka kingine. Akishuka navyo havipimwi papo hapo, maana vikitoka nje vina unyevu, na unyevu nao una uzito. Vinalala mchana na usiku kucha katika chumba cha mizani, chumba ambacho joto lake halipandi wala halishuki, ndipo vinapopimwa. Mizani ile ilikuwa na madeko. Ukipumua kuielekea, namba zinaruka. Ukibamiza mlango, anza upya. Bi Mizani alijifunza kupumulia pembeni, na marehemu mumewe alikuwa akimtania kwamba hata kitandani anapumua akiangalia ukuta.

Vichujio vilipanda vyeupe vikashuka vyeusi, na jambo hilo lilimchefua tangu siku ya kwanza. Wenzake walimwambia utazoea. Hakuzoea. Kila akiinua kifuniko na kuona yale masizi, alijiuliza, hiki kimevuta saa mbili tu, je mimi? Halafu anakohoa kidogo, anajionea haya, anaandika namba.

Sasa tumseme Profesa, maana bila yeye hapana hadithi. Alikuwa mtu wa sauti ya upole, hajawahi kumgombeza mtu, na wanafunzi walimpenda. Walimbandika jina la Kilele, kwa sababu ya ugunduzi wake. Namba za Bi Mizani, ukizipanga kwa saa, zilionyesha kitu cha ajabu: kila siku ya kazi, saa nne asubuhi, uchafu unapanda ghafla, unafika kileleni, na ikifika saa sita umeshuka. Profesa alilieleza jambo hilo kwa namna iliyowapendeza watu wa mbali. Upande wa pili wa barabara, nyuma ya chuo, palikuwa na uchochoro wa waoka mikate, wanawake tisa wenye matanuri tisa ya kuni. Huwasha moto alfajiri. Moshi wao, alisema Profesa, unapanda na kukaa juu wakati hewa bado ni baridi, kisha jua likikolea unashushwa chini, nayo ndiyo saa nne. Aliliandikia makala kumi na mbili. Alipanda ndege, akavishwa beji shingoni, akapigwa picha. Bi Mizani alishukuriwa mwishoni mwa makala mbili, kwa herufi ndogo, pamoja na kampuni iliyouza pampu.

Tanuri la tatu kutoka mwanzo wa uchochoro ule lilikuwa la mdogo wake, tumbo moja, ziwa moja. Walikuwa wawili tu duniani. Mdogo mtu alikuwa na mikono yenye makovu ya moto hadi kwenye viwiko, na kwa tanuri lile alikuwa amewasomesha wanawe watatu na kumuuguza mama aliyewazaa yeye na dada yake hadi alipozikwa. Barua ya halmashauri ilipofika, ikisema kwamba kwa mujibu wa namba za utafiti matanuri yote tisa yatavunjwa ndani ya mwezi mmoja, isipokuwa kama kamati ya afya itaamua vinginevyo, aliikunja akaenda nayo hadi nyumbani kwa dada yake.

"Dada, soma hapa," alisema, bado amesimama mlangoni. "Ni namba za nani hizi?"

"Za Profesa."

"Profesa anapanda ngazi? Profesa anapima?"

Bi Mizani akamrudishia barua.

"Basi ni zako," mdogo wake akasema. "Mkono wako ndio unaovunja tanuri langu. Asante, dada. Umenikumbuka." Akaondoka bila kunywa hata maji, na tangu siku ile hakupokea simu. Bi Mizani akipita uchochoroni, wanawake wanaanza kufagia kwa bidii palipokwisha fagiliwa.

Wiki ile akafanya kosa ambalo halikuwa kawaida yake. Katika chumba cha mizani huruhusiwi kugusa kichujio kwa mkono, sembuse kukinusa. Pumzi yako itakiharibu. Lakini alikuwa hajalala, kichujio cha saa nne kikamponyoka kutoka kwenye kibano, akakidaka kwa kiganja. Kwa miaka kumi na moja hakuwahi kukigusa bila glavu. Kilinata. Masizi hayanati, masizi ni makavu, yanapakaa kama kaa. Hiki kiling'ang'ania kidole. Akakipeleka puani, Mungu amsamehe, akavuta. Harufu ile aliijua, ila hakujua aliijulia wapi. Ilikuwa harufu ya mafuta yaliyochacha.

Akapanda paa, si kwa ngazi za kubadilisha vichujio bali kama mtu anayetafuta mwizi. Kisanduku kilikuwa pale pale kilipowekwa siku ya kwanza, kwenye kona, kwa sababu kwenye kona ndiko kulikokuwa na soketi ya umeme na Profesa hakutaka kuvuta waya. Ukuta wa ukingo wa paa ulimfika kifuani. Akainama juu yake, akachungulia chini kwa nje. Hatua moja chini ya kisanduku, bomba pana la bati lilikuwa limechomoza kutoka ukutani, mdomo wake umeelekea juu, umejaa utando mweusi unaoning'inia. Saa yake ikaonyesha saa nne kasoro dakika tano. Chini kabisa feni ikawaka, na bomba likamtemea usoni.

Akashuka hadi kantini, huku anajifuta kwa upindo wa koti. Mpishi wa kantini alikuwa mzee mchangamfu, asiye na neno na mtu, na alimkaribisha jikoni kwa furaha. Karai la kukaangia viazi lilikuwa kubwa kama beseni la kufulia. Mafuta ndani yake hayakuwa ya njano wala ya kahawia. Yalikuwa meusi, mazito, na yalikuwa yanatoa povu la kijivu pembeni.

"Hubadilishi mafuta, mzee wangu?"

"Nayaongeza," mpishi akasema kwa fahari. "Kuyamwaga ni israfu. Yakipungua naongeza. Ladha yote imo humo, dada yangu, mafuta mapya hayana ladha."

"Tangu lini?"

"Ooh, tangu walipotuhamishia jengo hili. Miaka kumi na moja, kumi na miwili." Akatia mwiko, akaopoa mabaki yaliyoungua, na kati yake mlikuwa na mende aliyekauka vizuri kama kipande cha kiazi. Akamtupa pembeni na kuendelea. "Saa nne wanakuja wote, lazima nianze mapema. Jumapili tu ndiyo napumzika, tumefunga."

Bi Mizani alitoka nje, akashika ukuta, akatapika. Alitapika chai, akatapika na nyongo. Miaka kumi na moja. Namba elfu na maelfu, kwa mwandiko safi, kila moja imepimwa mara tatu, na zote zile za saa nne zilikuwa mafuta ya mende. Hiyo ndiyo elimu iliyopanda ndege. Hiyo ndiyo inayotaka kuvunja tanuri la mdogo wake.

Kilichomkaa kooni zaidi kilikuwa hiyo Jumapili. Maana Jumapili pampu ilikuwa imezimwa tangu mwanzo, na aliyeomba izimwe ni yeye. Mwaka ule wa kwanza alimwendea Profesa akamwambia, Jumapili nina shughuli ya familia, waoka mikate huoka maradufu siku hiyo na mdogo wangu hana msaidizi. Profesa akacheka kwa upole wake, akasema hewa ni hewa, mama, Jumapili mji unapumua kama Jumatatu, nenda. Laiti angepima Jumapili moja tu, mwaka ule wa kwanza, angeona moto wa matanuri tisa umewaka maradufu na kilele hakipo. Mtu mzima na akili zake, kujifungia mlango kwa mkono wake mwenyewe! Alijidharau hadi akaona uchungu mdomoni.

Akapima Jumapili tatu. Hakumwambia mtu. Mlinzi alimfungulia geti akidhani ni kazi ya kawaida, na tangu alfajiri alikaa juu ya paa, anabadilisha vichujio, anautazama moshi wa matanuri ukipanda upande wa pili wa barabara na kuondoka zake na upepo. Vikalala chumbani mchana na usiku, akavipima. Cha saa mbili, cha saa nne, cha saa sita: karibu sawasawa. Jumapili ya pili hivyo hivyo. Ya tatu hivyo hivyo. Kwa mdogo wake hakwenda kusema lolote. Aliogopa kumpa tumaini ambalo huenda lingevunjika pamoja na tanuri.

Jumatatu akaviweka mbele ya Profesa. Profesa alikuwa anakula. Alikuwa na karatasi ya viazi iliyolowa mafuta juu ya rundo la mitihani, na alikuwa anakula kwa vidole viwili, kistaarabu. Alisikiliza yote, hakumkatiza. Akaviangalia vile vichujio tisa, vitatu vitatu, na vile vya siku za kazi pembeni yake, na hata mtoto wa shule angeona tofauti.

"Nani alikutuma Jumapili?" akauliza.

"Hakuna, Profesa."

"Basi hivi si vipimo, mama. Kipimo ni kile kilichoagizwa na mtaalamu, kikaandikwa kabla hakijafanywa. Hivi ni..." Akatafuta neno, akachukua kiazi kingine. "Ni matembezi yako ya Jumapili."

"Lakini ni bomba la kantini, Profesa. Njoo uone kwa macho yako."

"Sina haja ya kuja."

Alivyolisema, bila kushtuka, bila hata kuacha kutafuna, kukamtia Bi Mizani baridi. "Ulijua?"

Profesa akalamba kidole gumba. "Mwaka wa nne hivi nilisikia harufu. Harufu si ushahidi. Na makala zilikuwa zimeshatoka sita." Akamtazama kwa huruma ya kweli kabisa, na hapo ndipo palipochefua kuliko pote. "Nimebakiza mwaka mmoja nistaafu. Nawe umebakiza mitatu. Matanuri yale yatavunjwa leo au kesho, kwa sababu hii au nyingine. Nenda kapumzike. Na ukienda kamatini na hivi, nitalazimika kusema kwamba ulitumia mtambo wa chuo bila idhini. Watavikataa, unajua utaratibu wao. Utapoteza kazi na tanuri litavunjwa vile vile."

Midomo yake ilikuwa inang'aa mafuta. Bi Mizani alivikusanya vichujio kimoja kimoja, kwa kibano, akatoka, na ukimuuliza leo atakwambia alitamani kumpaka usoni ile karatasi. Hakumpaka. Alikwenda kunawa mikono, akanawa mara tatu, na harufu ikabaki.

Kamati ya afya ilikaa Alhamisi asubuhi, katika ukumbi wa halmashauri wenye viti vya plastiki. Waoka mikate tisa walikaa nyuma, wamevaa nguo zao za heshima. Mdogo wake alikuwa kiti cha pembeni, ameficha mikono yake yenye makovu ndani ya mtandio, na alipomwona dada yake akaangalia dirishani. Profesa alizungumza dakika ishirini. Alionyesha picha ya kilele. Ilikuwa picha nzuri, mlima mwekundu katikati ya siku, na wajumbe walitikisa vichwa kwa heshima.

Mwenyekiti alikuwa mama mmoja mfupi, wa miwani, mwenye sauti ya mwalimu mkuu. Akauliza kama kuna mwenye neno kabla hawajaamua. Bi Mizani akasimama. Akasema yeye ndiye aliyepima vichujio vyote vya picha ile, vyote, na kwamba namba zake ni sahihi, hazina kosa hata moja. Ila alichokuwa anapima saa nne ni mafuta ya kukaangia viazi ya kantini ya chuo. Watu wakacheka. Akangoja wamalize. Akaweka mezani vichujio vya Jumapili tatu na vya siku za kazi tatu, akaeleza la bomba, la feni, la karai, na mende hakumwacha. Kicheko kikakatika. Vichujio vikaanza kupita kutoka mkono hadi mkono ndani ya vifuniko vyao vya plastiki. Mjumbe mmoja, mhandisi wa barabara, akavipanga mbele yake mistari miwili, akaviangalia kwa muda mrefu, kisha akageuza kiti kumwelekea Profesa. Wajumbe wengine nao wakageuka.

"Kabla Profesa hajajibu," akasema mwenyekiti. "Utaratibu wetu uko wazi. Tunapokea vipimo vilivyoagizwa na mtaalamu aliyesajiliwa, vinginevyo kila mtu atatuletea vyake. Hivi vya Jumapili, mama, viliagizwa na nani?"

Bi Mizani akageuka. Mbali na yeye, aliyejua ukumbini kwamba hakuna aliyeviagiza alikuwa mmoja tu. Akamtazama. Profesa alikuwa anavitazama vile vichujio, kisha akamtazama mhandisi, kisha mwandishi wa habari aliyekaa mbele na kalamu yake, kisha vichujio tena. Hesabu yote ilimpita usoni, ukitaka ungeisoma. Akasimama, akafunga kifungo cha koti.

"Niliviagiza mimi," akasema kwa ile sauti yake laini. "Mwanasayansi wa kweli, mheshimiwa mwenyekiti, hujitilia shaka mwenyewe. Nilikuwa na wasiwasi na bomba hilo kwa miaka kadhaa. Nikamtuma fundi wangu, Jumapili tatu, kwa siri, ili tuwe na uhakika. Nilimwachia yeye aeleze kwa sababu kazi ya mikono ni yake. Kilele nimewaonyesha ili mwone kosa lenyewe, na nimekuja hapa leo kuyaondoa matokeo yangu mwenyewe. Waoka mikate hawa hawana hatia."

Mtu mmoja nyuma akapiga makofi, wa pili akafuata, na ukumbi mzima ukalipuka. Mwandishi wa habari alikuwa anaandika mbio mbio.

Mwenyekiti akagonga meza. "Iandikwe vizuri. Mama, wewe ndiye uliyepima. Ni kweli Profesa alikuagiza?"

Akisema hapana, vichujio vile ni matembezi ya Jumapili, na mezani unabaki mlima mwekundu peke yake. Aliangalia nyuma. Mdogo wake alikuwa ametoa mikono kwenye mtandio, ameishika pamoja mapajani, na kwa mara ya kwanza baada ya mwezi mzima alikuwa anamtazama machoni.

"Ndiyo, mwenyekiti," akasema Bi Mizani. "Aliniagiza."

Matanuri yakaachwa. Ilichukua dakika tano, kura zote zikakubali, na kantini ikapewa siku saba iondoe bomba. Nje, barazani, wanawake tisa walimzunguka Profesa. Mmoja alikuwa analia. Mdogo wake alijipenyeza hadi mbele, akaupokea mkono wa Profesa kwa mikono yake yote miwili, akainama.

"Mungu akuzidishie, Profesa. Sijui nikwambie nini. Kila asubuhi nitakuletea mkate wa moto hadi ofisini."

"Usijali, mama yangu," akasema Profesa. "Ni wajibu tu."

Mdogo wake akageuka. Akamwona dada yake amesimama kando na mfuko wa vichujio, akamfuata, akamkumbatia kwa nguvu, machozi yanamtoka, amesamehe yote. Kisha akamshika bega, akamsogeza mbele.

"Dada, umesimama tu hivyo? Mtu ametuokoa. Mshukuru bosi wako."

Profesa alikuwa ameshanyoosha mkono, anatabasamu, anangoja. Bi Mizani akauchukua.

"Asante, Profesa," akasema, akipumulia pembeni.